Siku Hizi Mama Hapaki Wanja

León, Hispania
Jumapili, 11 Mei 2025

Kaka yangu mpendwa Badar,

Assalaam alaikum, na shikamoo. Leo nimejifungia chumbani na nimeapa kukuandikia kila kitu bila kuficha, hata yale ambayo kwenye simu huwa nayameza. Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Natumaini nawe hujambo, pamoja na wifi Taghreed na watoto, na kwamba mguu wa shangazi Mwanajuma umepata nafuu. Barua hii analeta Wenceslaus, mseminari wa Tabora anayerudi likizo Jumanne. Nimemwomba akukabidhi dukani, mkononi mwako, asiipeleke nyumbani.

Nianze na masomo, maana ndiyo yaliyonileta. Kihispania sasa kinaingia. Mwanzoni nilikuwa nakaa darasani kama niliyetiwa pamba masikioni. Mwalimu anasema, wenzangu wanacheka, nami nacheka baada yao nisionekane mjinga. Msichana mmoja wa Kikorea aliniambia kwamba nacheka vizuri kuliko ninavyosema. Siku hizi mzaha naudaka kabla haujaisha. Mtihani wa lugha ni mwezi ujao. Nikifaulu, Septemba naingia chuo kikuu kusomea famasia; nikishindwa, ufadhili unakwisha na narudi kwetu Ipuli na begi langu. Haya unayajua, na ndiyo maana sina kinyongo nawe, kama utakavyoona mbele.

Nimepanga chumba kwa Bibi Remedios, mjane mwenye umri wa bibi yetu. Alikuwa anapikia mafuta ya nguruwe karibu kila kitu. Nilipomweleza kwamba siwezi kula, alinung'unika kuwa nitakufa njaa nyumbani kwake na watu watamsema yeye. Kesho yake alirudi na sufuria mpya, na mpaka leo hamruhusu hata binti yake aiguse. Barabara ya mbele ya nyumba yake ndiyo wanayopita mahujaji wa Kikristo wanaokwenda kwa miguu kwenye kaburi la mtakatifu wao, mizigo mgongoni, wengine wanachechemea. Nilipowaona mara ya kwanza nilimkumbuka Baba, anavyopunguza mwendo wa gari tukifika Isikizya, atuonyeshe walikopita wapagazi na pembe za ndovu, na kutuambia kwamba wengi wamezikwa kando ya njia ile na hakuna anayejua majina yao. Nilitaka sana kumsimulia. Nikapiga simu siku hiyohiyo. Mama akasema Baba amekwenda Ziba kununua samli.

Hiyo ilikuwa kabla ya Ramadhani. Kaka, tangu hapo sijaisikia sauti ya Baba.

Baba alikuwa akinipigia mwenyewe kila Ijumaa akitoka msikitini. Ananiita Mama Hispania na kuniuliza kama nimeshawauzia Wazungu asali yake, au nimekaa tu nakula mikate yao. Sasa nikipiga, yuko Ziba. Au amerudi, lakini amelala. Au simu yake imeingia maji. Mara ya mwisho wewe ulisema anaumwa koo na daktari amemkataza kuzungumza, ila yupo hapo pembeni anacheka tu. Nikasema haya, mwambie apone.

Jumatano iliyopita tulikuwa jikoni, mimi na Bibi Remedios, tunamenya viazi. Mwalimu hutuhimiza tuzungumze na wenyeji wetu badala ya kukaa na simu, basi nikamuuliza kwa nini hupenda nguo nyeusi. Akaniambia mumewe amefariki zamani, lakini yeye hajaona sababu ya kuvaa rangi tena. Halafu akataka kujua wanawake wa kwetu wanafanyaje wakifiwa na mume. Nilifurahi, maana nilikuwa na la kusema. Nikamweleza eda, pole pole, neno kwa neno. Miezi minne na siku kumi. Mjane hatoki nyumbani ila kwa dharura. Anavaa nguo za kawaida tu, kwetu wengi huvaa nyeupe. Hajifukizi udi, hapaki hina. Neno la wanja sikulijua, nikajichora machoni kwa kidole. Havai dhahabu; hapo nikatikisa mkono ili aelewe kwamba nasema bangili.

Mkono wangu ukabaki hewani.

Nilikuwa nimemwona Mama. Mama wa siku ya Idi, kwenye simu ya video, mikono mitupu bila hina, kitambaa cheupe kichwani, macho madogo kama ya mtu aliyeamshwa. Nilidhani ni mwanga mbaya. Mama yetu, Badar, ambaye hata akiugua malaria hupaka wanja kwanza ndipo aende hospitali. Na bangili zake, ambazo zamani tulizisikia kabla hajafika mlangoni, sijazisikia. Nilimwomba aende sokoni anichagulie kanga mbili, akasema atamtuma Mwanajuma. Yeye ambaye humrudisha Mwanajuma sokoni kwa sababu ya nyanya mbovu.

Bibi Remedios aliweka kisu chini akaniuliza, "Nani, mwanangu?"

Nikamwambia ni vitunguu vinaniliza. Tulikuwa tunamenya viazi. Hakunisahihisha.

Ijumaa nilimpigia Mama, nikachangamka kuliko siku zote, nikamuuliza Baba. Akasema, "Yuko Ziba, mwanangu. Safari hii biashara imemganda." Nikasema anisalimie. Akatazama pembeni, nadhani ulikuwa umekaa hapo, kisha tukacheka wote wawili.

Najua mmefanya hivi ili nifanye mtihani wangu kwa utulivu. Hata mimi pengine ningefanya vivyo hivyo. Lakini unamkumbuka Zamda wa nyumba ya pili, aliyefichwa msiba wa mama yake hadi amalize kidato cha sita. Alishuka kwenye basi na kitenge alichomnunulia mama yake. Kila alipouliza mama yuko wapi, aliambiwa anywe maji kwanza. Mimi ndiye niliyetumwa kumpokea begi, nikaambiwa nisimtazame usoni. Kaburini majani yalikuwa yameshapaliliwa mara moja. Sitaki kupokewa hivyo, Badar. Na sitaki Mama akae eda yake huku akinichekea mimi.

Inawezekana nimekosea. Bado naomba iwe hivyo, na kama ni hivyo, nicheke mpaka uchoke, na umpe Baba simu, hata kama hana sauti nitasikiliza anavyopumua. Mtihani nitaufanya kwa vyovyote. Nasoma kila siku.

Nisalimie wifi, watoto wabusu kwa niaba yangu, na shangazi Mwanajuma mwambie kanga alizochagua nimeziona pichani, ni nzuri. Mama usimwambie lolote kwanza. Ukimaliza kusoma, nitumie ujumbe siku hiyohiyo, hata neno moja, maana Wenceslaus atakuwa amefika kabla ya Ijumaa. Ijumaa hiyo Mama akipokea simu, nimpe pole, au nimuulize tena Baba anarudi lini kutoka Ziba?

Mdogo wako akupendaye,
Salme binti Qais