Kupe wa Taipureta

Jumatatu, 3 Machi 1975
Barua ileile tena. Naichapa tangu asubuhi, kila nakala na jina la kijiji chake, maana Bwana Utawala, mkubwa wetu ofisini, hataki stensili ya kutoa nakala nyingi kwa mpigo. Anasema ni dharau kwa wananchi. Vidole vinauma. Mchana nimekwenda stoo kutafuta karatasi za kaboni, nikakuta taipureta ya umeme iliyoachwa na mafundi wa barabara wa kigeni. Ina kijitabu cha maelezo. Nimekisoma nimesimama.

Jumanne, 4 Machi
Inakumbuka. Unachapa barua mara moja, nayo inatoboa utepe wa karatasi. Ukiurudisha utepe, inachapa yenyewe, neno kwa neno. Panapotakiwa jina la kijiji inasimama; unaandika, unabonyeza, inaendelea. Nimeogopa, halafu nikacheka peke yangu. Vijiji vyote vya Chunya vimekwisha kabla ya chai.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekamatwa, kana kwamba naiba. Bwana Utawala kaingia, nimekunja mikono, herufi zinaruka.
"Nani anachapa?"
"Mashine, ndugu."
"Na wewe?"
"Naisubiri, ndugu."
"Unakaa, mwingine anatoka jasho. Mtu huyo tunamwitaje?"
Nilijua tunamwitaje. Tulifundishwa shuleni: kupe, mnyonyaji wa jasho la wenzake. Jasho gani? Chuma hakitoki jasho. Hilo nimelifikiria alipokwisha kutoka.

Ijumaa, 7 Machi
Ofisi nzima inaniita Kupe. Hata Mama Tusajigwe, mchapaji mkuu wetu, kanisalimu kwa Kinyakyusa: "Ndaga, Kupe. Umeshiba leo?" Jumatatu kikao cha tawi la chama hapa kazini kitanijadili. Muda wangu wa majaribio unaisha mwezi huu. Wakinikataa narudi Tukuyu, kwa baba aliyekwisha kuwatangazia majirani kuwa mwanawe ni karani wa serikali. Sikula.

Jumamosi, 8 Machi
Dereva wa ofisi karudi kutoka Iringa, alikompeleka Bwana Utawala. Anasema Bwana Utawala alisimama mkutanoni jana akajisifu: barua za vijiji vyote zimekwisha upesi, matunda ya usimamizi wake. Wakampigia makofi. Makofi. Sifa zake, ukupe wangu. Nina hasira. Na bado naogopa. Nachukia kwamba bado naogopa.

Jumatatu, 10 Machi
Kikao. Maneno niliyoyaandaa yote yalipotea. Nimesema moja tu: kama nimefanya ukupe, barua zile zirudishwe zote, nizichape upya kwa mkono.
Mwenyekiti kamtazama Bwana Utawala. Bwana Utawala, aliyejisifia barua hizo Iringa, katazama dari.
Ndipo Mama Tusajigwe akasimama, bila kuitwa. "Mwenyekiti, mgongo wangu huu umeliwa na taipureta miaka yote. Kupe aliyeunyonya ni nani? Maana huyu mtoto kaja juzi."
Watu wamecheka, na mwenyekiti pia. Uamuzi: nithibitishwe kazini. Mashine ifungiwe stoo, ufunguo akae nao Bwana Utawala. Hakuna aliyeuliza kwa nini ifungiwe. Hata mimi sikuuliza.

Jumatano, 19 Machi
Nimethibitishwa. Barua inanisifu kwa bidii. Nilidhani nitafurahi.
Mvua tangu alfajiri. Imekuja kazi mpya, barua ya mbegu za mpunga, kwa vijiji vyote vya upande wa Rujewa. Nimepachika karatasi kwenye taipureta ya mkono, ile ya umeme ikiwa stoo, nikaanza. Mama Tusajigwe kasogeza kiti chake, kachukua nusu ya majina bila kuniuliza. Tumechapa mpaka saa ya kufunga.