Miguu Ukutani

Urambo, Jumanne jioni

Nilitaka dakika kumi tu. Nesi aliyenifundisha yoga ya kupumzika alisema: lala chali mkekani, egemeza miguu ukutani, pumua polepole, usifanye lolote. Mgongo utalegea, usingizi utarudi. Wiki nzima nimeinamia kuchambua tumbaku, na usiku silali, nawaza kama wanunuzi watayashusha daraja majani yetu.

Lakini nyumba hii! Mwanamke akilala saa tisa mchana, basi kafa.

Mama mkwe alifungua mlango, akaniona nimefumba macho, nimejifunika khanga. Akapiga yowe. Wakaingia akina mama watatu wa kanisani waliokuwa kwa jirani, mmoja ameshaanza kuomba kwa sauti. Kwa kuchanganyikiwa nikawaamkia hapohapo, "Shikamooni," nyayo zikiwa juu, mimi ninayepaswa kuwapigia magoti. Aibu yake bado ninayo.

"Marahaba. Unaumwa nini, mwanangu?"

"Siumwi, mama. Napumzika."

"Kupumzika gani huko, miguu juu kama kuku aliyechinjwa?"

Walipoondoka nikamwomba mama mkwe ajaribu mwenyewe. Akalala huku ananung'unika, akaweka ukutani miguu yake yenye magaga. Kabla sijamaliza kumweleza jinsi ya kupumua, akaanza kukoroma.

Miaka tisa ya ndoa sijawahi kumwona amelala mchana. Nikashindwa kumwamsha. Nikachukua fungu lake la tumbaku, nikaliweka juu ya langu, nikainama mpaka jua likazama.

Ameamka mwepesi. Anauliza kesho tunalala saa ngapi.