Mlango wa Herufi A

Makambako

Dada Eliza, kamwene.

Huku ukungu hauondoki mpaka saa nne, nami ni mzima. Tumemaliza hoteli ya chai ya Bwana Tomasi, pale malori yanaposimama. Ameipa jina la mama yake, ANNA, na alitaka herufi ziwe nguzo za baraza, kila moja ikipita kimo cha mtu. A ya kwanza ndiyo mlango. Nilimwambia ule mti unaolala katikati ya herufi utawainamisha wageni. Akasema, "Wainame, ni heshima kwa mama."

Jana Bibi Anna mwenyewe alifika kutoka Yakobi. Mgongo wake haukubali tena kuinama. Akaupapasa ule mti, akaniuliza, "Fundi, huyu ndiye mimi?"

Nikasema ndiye.

"Mbona ananizuia?"

Tomasi alinyoosha kidole kwenye msumeno wangu. Nikaukata mti. Sasa jina halisomeki vizuri, ila mwenye jina anapita.

Dada, ule mlango mfupi wa jiko letu mama anaupitaje siku hizi? Mwambie nikirudi naanza na huo.

Mdogo wako,
Yona