Jina la Kilima Kwenye Ramani

Karambo, Ziwa Bunyonyi
12 Agosti 1983

Kaka yangu mpendwa Ndyanabo,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe, wifi yangu na watoto hamjambo, na mguu wako umepona. Sisi ni wazima wa mwili, ila roho ziko juu juu.

Ile kesi ya kilima imefika pabaya. Turyamureeba, yule jirani anayekidai kilima chetu, amepeleka mahakamani ramani ya Waingereza ya mwaka 1954, yenye ziwa, visiwa na mistari ya miinuko. Juu ya kilima chetu, alikozikwa mume wangu, limeandikwa jina la babu yake: Bitarabeho. Tangu siku hiyo akinikuta nateka maji hunicheka, "Mama, ng'oeni viazi mapema! Karatasi ya Mzungu haina undugu na mtu."

Shemeji yangu Kagambirwe anaapa kwamba Bitarabeho aliwahonga wapimaji. Jana nilimkuta ananoa panga, akaniambia eti ni la kukatia mtama. Mtama tulishavuna, kaka.

Ijumaa ijayo hakimu anavuka ziwa kuja kukiona kilima, kisha atoe hukumu. Naogopa damu itamwagika, na jambo hili siwezi kulibeba tena peke yangu.

Hakuna aliyehongwa. Wapimaji walinikuta mimi, bibi harusi wa miezi miwili, nikilima. Mkalimani wao akauliza kilima kinaitwaje. Kinaitwa kwa jina la baba mkwe wangu, aliyefyeka msitu wake. Nawe unajua mke wa Kikiga hatamki jina la baba mkwe hata akikabwa koo. Nikanyamaza. Akanikejeli, "Vipi bibi, umemeza ulimi?" Wenzake wakacheka. Kwa aibu nikamwonyesha mzee aliyekuwa akichunga mbuzi pale kwa ruhusa yetu, nikasema ni kwa Bitarabeho. Wakaandika, wakaenda zao. Miaka ishirini na tisa nimekaa kimya kwa kuogopa kufukuzwa.

Ijumaa nitasimama mbele ya hakimu, Kagambirwe na ukoo mzima, nilitamke jina lile. Wakinifukuza, nitengee kona ya kulala. Nimeona nianze kujizoeza hapa: kilima kinaitwa Rwakihembo.

Nisalimie wote, mama zaidi, na mniombee hadi Ijumaa ipite.

Ni mimi dada yako,
Kebirungi