Mlango wa Mbele wa Madame Delpech

Les Granges,
Saint-Aubrac,
Périgord, Ufaransa.
Alhamisi, 5 Februari 2009

Mpendwa binamu Rosalind,

Pokea salamu nyingi kutoka kwenye baridi yetu hadi kwenye joto lenu la Hobart, huko kusini mwa dunia. Goti lako linaendeleaje tangu upasuaji? Na mumeo Martin, bado anapanda ngazi kupogoa miti baada ya kukatazwa? Sisi hatujambo. Mume wangu Clive ana kikohozi chake cha kila mwaka, anakitibu kwa mvinyo na anadai anapata nafuu.

Barua yako ilifika Jumatatu. Nimefurahi kwamba mmeshakata tiketi za kuja kwetu Machi, nimefurahi kweli, usidhani vinginevyo. Ila nilipofika pale uliposema una hamu ya kuiona siku ya bata kwa jirani yangu Madame Delpech, "ile unayotusimulia kila mwaka", ilibidi nikae chini.

Kwanza nikueleze kuhusu Denise.

Denise Oakes alihamia hapa mwaka juzi kutoka Grimsby, Uingereza, alikokuwa na duka la samaki na chipsi. Alinunua nyumba iliyo chini ya kanisa, na siku ya pili tu akatundika ukutani dishi kubwa kama karai la kuogeshea watoto, asije akakosa tamthilia zake. Unaujua msimamo wetu mimi na Clive. Hatukuhama Uingereza ili tuje kukaa na Waingereza. Sokoni Jumamosi tukisikia Kiingereza, tunasogea kwenye meza ya jibini na kuanza kuongea Kifaransa, hata tukiwa wawili tu. Wengine wote walishaelewa zamani wakatuacha. Denise haelewi. Ananipigia kelele kutoka ng'ambo ya soko: "Hilary! Shoga yangu! Makopo yako ya maharage yamefika kutoka Uingereza, nikuletee?" Na mke wa meya amesimama pale pale!

Ni kweli maharage hayo ninayala. Lakini hayo ni mambo ya ndani ya nyumba.

Kifaransa chake hakizidi maneno thelathini. Mimi nimekisoma kwa miaka kumi na tisa, na bado ninacho kile kitabu cha vitenzi kando ya kitanda.

Sasa sikiliza. Jumanne nilikuwa dirishani nikamwona Denise anakatiza ua wa Madame Delpech, amefunga aproni, kashika kisu chake chembamba cha kupasulia samaki. Siku ya bata, Rosalind! Wanawake watano au sita wa hapa hukusanyika kukata bata, kuwapika taratibu ndani ya mafuta yao na kuwafungia kwenye chupa za mwaka mzima. Hakuna kadi ya mwaliko. Unaambiwa tu uje na kisu chako.

Mimi sijawahi kuambiwa. Hata mara moja. Yote niliyokuandikia niliyapata kwa kuchungulia dirishani, na zile chupa kwenye picha nilizokutumia nilizinunua sokoni. Nisamehe. Nilianza kwa uongo mdogo, nawe ukafurahi mno, nikaona haya kuufuta.

Niliona wivu. Sikuweza hata kunywa chai. Nikavaa koti zuri, nikakata maua ya bustanini, nikaenda kupiga kengele ya mlango wa mbele kama ninavyofanya siku zote.

Nilisimama pale nikisikia komeo likihangaika na kutu. Mwishowe Madame Delpech akatokea, mafuta yamempanda mpaka kwenye viwiko, uso umempauka.

"Mungu wangu, Madame Pemberton! Nani kafa?"

Nilipomwambia hakuna aliyekufa, alivua aproni, akanawa, akaniketisha sebuleni kusiko na moto, akanimiminia kiglasi cha pombe tamu. Tukakaa wima kama watu wanaosubiri daktari. Akaulizia kikohozi cha Clive. Nyuma ya ukuta nikamsikia Denise, kwa Kiingereza cha kwao: "Nyie, huyu bata kanona kunishinda mimi!" Wanawake ambao hawajui neno moja la Kiingereza wakaangua kicheko.

Nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza amezoeana vipi na yule mama.

"Huyo?" akasema. "Alikuja na samaki mikono yote miwili, akabisha mlango wa jikoni kwa teke. Ningefanyaje? Nikamwambia apite. Wewe mama unapita mbele. Mbele anapita wakili wa mirathi, na jeneza. Nikajua hupendi mambo ya jikoni."

Miaka kumi na tisa nimempelekea maua kwenye mlango wa majeneza, nikidhani namheshimu! Nikamshukuru, nikatoka nilikoingilia, naye akarudisha komeo.

Jana Denise akaja kwangu. Alipiga mlango wa jikoni teke, bila shaka. Ameniletea chupa ya bata. "Wanakata wengine tarehe kumi Machi," akasema. "Nimewaambia una binamu yako anakuja. Njoo naye, ila safari hii pita nyuma, mwanamke wewe!" Nilitamani kumrudishia chupa yake kichwani. Nikasema asante. Clive ameila nyama yote, na maharage ya kopo.

Kwa hiyo siku ya bata utaiona, binamu, lakini si mimi ninayekualika. Nakuomba jambo moja tu: mbele ya Denise usizitaje barua zangu.

Nisalimie Martin, shangazi Muriel na mapacha wa Gillian. Mungu awalinde angani na awafikishe salama.

Binamu yako anayekupenda, hata akiwa na haya usoni,

Hilary

Ijumaa asubuhi. Nimeifungua tena bahasha. Nimetoka sasa hivi kurudisha chupa tupu kwa Madame Delpech, na nimepita nyuma. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kabisa, nami nikasimama nikabisha hodi hata hivyo. Aliyekuja kunikaribisha ni Denise.