Mjusi wa Mirihi

Dar es Salaam, 4 Machi 1997

Mama yangu mpenzi,

Assalamu aleikum na shikamoo. Mie mzima, kifua hakijanisumbua. Natumai miguu yako haivimbi tena na dada Masika keshapona homa.

Mama, kitabu kimetoka! Abrahman anakuja huko wiki hii, atakuletea nakala kumi ndani ya boksi la sabuni. Kinaitwa *Kapteni Shoka*. Ni vita vya wanajeshi wa duniani na watu wa Mirihi, nyota ile nyekundu, miaka mingi mbele huko. Anayesimulia ni Kapteni mwenyewe, na nakwambia mapema, si mtu mwema. Anaua mateka. Wagaie watu wa Wawi, kisha uniandikie wanasemaje, usinifiche. Mchapishaji anataka maoni ya wasomaji kabla ya kukichapa mara ya pili.

Wewe usijisumbue kukisoma. Herufi ni ndogo, na damu imezidi.

Mwanao,
Mbarouk

Wawi, 2 Aprili 1997

Mwanangu Mbarouk,

Waaleikum salaam, marahaba. Huku wazima, Alhamdulillahi. Miguu inavimba kama kawaida yake. Masika kapona, kazi yake sasa ni kula.

Wee mtoto, umeutikisa mji! Hapa kituoni wagonjwa wanakisoma wakingoja zamu. Mie nachoma sindano, wao wanabishana. Mwalim Soud wa skuli kasahau hata kusahihisha madaftari ya watu. Anakusifu, lakini anakulaumu: muuaji hapewi nafasi ya kusimulia, maana anakulainisha mpaka unamwonea huruma. Bi Kazija jirani yetu anasema yeye hicho ndicho alichokipenda, watu wema wa vitabuni wamemchosha. "Mie nipe mtu mbaya anayejua kuwa ni mbaya," kasema, nikacheka hadi nikakohoa. Mzee Vuai kakirudisha. Anasema vita kaviona kwa macho yake, havina haja ya kupelekwa Mirihi. Vijana wao wanataka mauaji zaidi, Mungu awasamehe.

Ame wa dukani anauliza, huko Mirihi mijusi wamefikaje? Sikumwelewa. Nikipata miwani nitakisoma mwenyewe. Kitabu cha mwanangu nisikisome, nitakuwa mama gani?

Mamako,
Mwatum

Dar es Salaam, 20 Aprili 1997

Mama yangu,

Shikamoo. Mie mzima, na barua yako imenizidishia uzima. Mchapishaji kasikia maneno ya Bi Kazija, kapiga meza kwa furaha. Mwambie Mwalim Soud huruma hiyo ndiyo niliyoitaka. Na Ame mwambie mijusi ni mambo ya watunzi tu, asijisumbue.

Miwani nitakununulia mimi, Mama. Ngoja kwanza, wala usiazime ya mtu, utaharibu macho.

Mwanao,
Mbarouk

Wawi, 9 Juni 1997

Mbarouk,

Salaam. Miguu yangu usiiulize.

Uliniambia ningoje miwani. Nimeazima ya Bi Kazija. Nimefika pale Kapteni Shoka anapomwekea bunduki kisogoni yule mateka kijana, mikono imefungwa, anatetemeka. Akamwambia: "Mtazame mjusi, mwanangu. Ukimwona mkia, nshamaliza." Kijana akainua macho kwenye dari la chuma, asione kitu. Akapigwa.

Mbarouk, maneno yale ni yangu! Nimewaambia watoto wa Wawi tangu sijakuzaa wewe. Ulipougua kifua kikuu, mdogo, mifupa mitupu, nikikuchoma kila siku kwa mkono wangu huu, ulikuwa ukimtafuta mjusi juu ya dirisha mpaka sindano imetoka. Ukicheka. Na wewe ukayachukua ukampa muuaji. Tena ulijua unachokifanya, ndiyo maana hukutaka nisome. Umenionea, mwanangu. Nasema wazi, umenionea.

Vijana sasa wanayasema kwa kelele njiani wakicheza vita. Juzi Mwanapili kaleta mwanawe kuchanjwa. Nikamwambia mtoto kama kawaida yangu, "Mtazame mjusi, mwanangu." Kapiga ukelele: "Bibi, usiniue!" Kaingia chini ya kitanda. Watu wa kwenye benchi wakacheka. Mie sikucheka.

Hicho kitabu cha mara ya pili, yatoe humo. Muuaji wako mtafutie maneno mengine. Sikuombi jengine.

Mamako,
Mwatum

Dar es Salaam, 1 Julai 1997

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na pole kwa miguu. Namwomba radhi mtoto yule, nawe nakuomba radhi zaidi.

Lakini nisikilize, Mama. Kapteni Shoka ni mbaya kila ukurasa. Nilitaka awe na kitu kimoja cha kibinadamu, na kitu kizuri kuliko vyote ninavyovijua ni sauti yako. Wasomaji wote wanayataja maneno hayo hayo. Mtu kaniandikia kutoka Tanga, anasema alilia. Mchapishaji keshachora mjusi kwenye jalada jipya na kazi imeingia mtamboni. Nikiyatoa, kitabu kimekufa.

Ila nimekufanyia jambo. Ukurasa wa mwanzo utaandikwa: "Kwa mama yangu, Bi Mwatum, muuguzi wa Wawi, aliyenipa mjusi." Sasa kila mtu atajua yametoka kwako. Najua hasira zitakwisha ukiliona jina lako.

Mwanao akupendaye,
Mbarouk

Wawi, 28 Agosti 1997

Mbarouk,

Waaleikum salaam. Kitabu kipya kimefika, na mjusi wake, na jina langu. Aliyekuwa hajui sasa anajua. Vijana wananiita Kapteni. Wananiamkia, "Shikamoo, Kapteni," kisha wanakimbia. Bi Kazija alitaka kuuchana ule ukurasa, nikamzuia. Ukurasa mmoja utafaa nini, na wengine wote wanavyo vitabu nyumbani kwao?

Uliomba maoni ya kila mtu, yangu hukuwahi kuyauliza. Basi nakupa. Unajua kuandika, mwanangu. Yule mateka anavyoinua kidevu, mdomo wazi kidogo, shingo nyembamba, nilimjua pale pale. Ni wewe, kwenye kitanda cha kituo. Nikaweka miwani chini nikalia. Kwa sababu kama mateka ni wewe, aliyesimama nyuma yake ni nani?

Miaka yote hii nikidhani nilikuwa nakuponya. Kumbe ndivyo ulivyokuwa ukiniona? Niambie kweli, wala usinijibu kwa mambo ya watunzi.

Kazi sijaiacha. Nachoma kimya. Mjusi yupo pale pale juu ya dirisha, kanenepa. Watoto hawamtazami tena. Wanautazama mkono wangu.

Bi Mwatum,
muuguzi wa Wawi