Njoo na Kioo Chako cha Meno

Ngamiani, Tanga
4 Aprili 1994

Mpendwa mke mwenzangu Thuwaiba,

Idi imepita, na ile ya kabla yake ilipita, na mlango wangu hukuugonga. Morogoro imekuwa Ulaya? Mabasi siku hizi yamejaa, kila tajiri ana lake. Zamani ndiyo tulikuwa tukilala stendi kungoja basi bovu. Huna la kusingizia. Watu wananiuliza mjukuu wangu yuko wapi, nawajibu yuko chuoni anasoma mambo ya meno, nao wananitazama tu, maana hata chuo hufungwa.

Shikamoo yako nimeiitikia kabla hujaituma. Marahaba, na marahaba tena. Hujambo lakini? Unakula? Kile kichomi cha ubavuni kimekuacha? Mie nipo. Magoti ndiyo yananisuta nikiinuka kwenye msala. Meno yangu bado mekundu kwa tambuu, kwa hiyo usianze. Anayeniandikia ni Elizabeti, yule jirani yetu fundi cherehani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambie.

Kaka yako Ahmada ni mzima wa mwili. Ile hoteli alimokuwa akipika imeuzwa, na mwenyewe mpya kaja na wapishi wake. Cheti cha upishi kimetundikwa ukutani, naye asubuhi anauza supu sokoni, kavaa lile koti jeupe la chuo. Makuli wanamwita Mheshimiwa. "Mheshimiwa, ongeza ndimu." Anaongeza. Zamani angewajibu.

Ahmada kaniambia unataka kuacha meno uhamie upande wa jiko, kule alikosoma yeye. Ati umemwambia mtu akiunguza wali hakuna anayezikwa. Aliponieleza hayo alitabasamu kidogo, kisha akashika fremu ya mlango akasimama pale, hatoki wala haingii. Liko jambo hukuliona, maana msibani uliondoka mapema. Siku ya matanga ya mtoto wake alipika mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie, na wali ukaungua. Mpishi wa chuo. Watu wakaula vivyo hivyo.

Nitalitaja hilo la mtoto, maana humu ndani hakuna anayelitaja. Massoud hakuugua sana. Homa, kuharisha, na ufizi umevimba weupe. Mie nilikuwa Tongoni kwenye maziko ya shoga yangu. Ahmada alikuwa hotelini anawakabidhi wenye mali masufuria yao. Zahanati wakamwambia wifi yako Rahila dawa imekwisha, arudi kesho. Bombani wanawake wakamwambia hayo ni meno ya plastiki, yakiachwa yatammaliza mtoto, na yuko fundi anayeyatoa. Unakumbuka mtaa mzima ulivyokuwa na wazimu huo. Rahila akaenda. Huyo fundi akauchokoa ufizi wa mtoto kwa spoki ya baiskeli. Niliporudi, Massoud alikuwa hanyonyi tena.

Na wewe ulikuwa umeshasema. Ulipokuja likizo ulitupanga mkekani uani, ukatuchungulia vinywa kwa kile kioo chako kidogo chenye mkono mrefu. Mie nilikataa. Rahila ndiye aliyekuwa wa kwanza kukufumbulia kinywa, anacheka mpaka mate yanamtoka. Ukamwonyesha na ufizi wa Massoud ukamwambia, "Wifi, hakuna meno ya plastiki. Jino la mtoto linaanzia humu ndani, laini, jeupe. Ukilitoa umetoa jino lake mwenyewe." Akaitikia.

Basi siku ya msiba ukaingia na begi lako. Rahila kakaa chini, hana hata mtandio kichwani. Ukasimama mbele yake ukasema, "Si nilikwambia?" Hukumpa pole. Ukarudi Morogoro hata hitima haijasomwa.

Ulisema kweli, Thuwaiba. Hilo sibishani nawe. Nakwambia hukumwona mwenzio. Aliitikia ulipokuwa umekaa naye mkekani. Mtoto alipowaka moto mikononi mwake wewe hukuwepo, mie sikuwepo, mumewe hakuwepo. Waliokuwepo ni wale wa bombani. Rahila si mjinga, alikuwa peke yake na mtoto anayelia.

Sasa nisikilize. Hilal, huyu mtoto wao wa pili, ambaye Ahmada alikuletea habari zake nawe ukanyamaza, anaota meno. Ufizi wa chini umevimba, weupe ule ule. Ananyonya, homa hana, anatafuna kila anachokishika mpaka ushanga wangu. Lakini wale wanawake wameanza tena kunong'ona, na Rahila ameacha kwenda bombani, maji anateka Ahmada. Analala kaelekea ukutani, kiganja chake kakiweka juu ya kinywa cha mtoto. Kliniki hampeleki. Mie nikinyoosha kidole niupapase huo ufizi, anageuka na mwanawe.

Juzi nikakasirika. Nikamwambia, "Wewe mtoto, sasa atafumbuliwa kinywa na nani, malaika?"

Akasema, "Na wifi. Mwengine hapana."

Tangu uondoke hajawahi kukutaja. Nikaenda jikoni nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, na nazi yenyewe sina.

Kwa hiyo wewe usihamie jikoni. Jikoni tuna Ahmada na anatutosha. Humu ndani hatuna mwingine wa kuchungulia kinywa cha yule mtoto na mamake akabaki katulia. Umalize meno yako. Najua nawe unalia huko uliko. Nimekulea, nakujua unavyolia, unajifunika shuka unasema unaumwa kichwa. Njoo ulilie hapa.

Ahmada anakusalimu, kakuwekea chupa ya achari ya ndimu, anasema chakula cha chuo anakijua. Elizabeti anakusalimu, anasema kapunguza lile gauni lako la kijani na linakungoja. Rahila hakutuma salamu. Yupo hapa, kakaa nyuma ya Elizabeti na mtoto wake mapajani, anasikia kila neno ninalosema, na hajaniambia ninyamaze.

Mungu akufungulie kila mlango utakaougonga, uanze na huu wangu, na akurejeshe kwetu ukiwa na afya na moyo wako mahali pake.

Ukija usilete sukari, sukari siku hizi imejaa madukani. Lete kioo. Usianzie kwangu kuniamkia, mie nitangoja. Pita moja kwa moja chumbani kwa Rahila, umpe pole ya Massoud, ile uliyoondoka nayo. Kisha unawe mikono mbele yake, na kioo umpe akishike yeye, ili jino la Hilal aanze kuliona mwenyewe kabla yako.

Wako akupendaye hata ukimnunia,
Bibi yako,
Time